Kidonge cha Saa Kumi na Mbili

Watu husema sisi Wajaluo tunapenda kujisifu. Sikatai. Nimezaliwa Shirati, nimeolewa huku Usukumani mwaka wa kumi na saba sasa, na muda wote huo mawifi wamenitania kwamba Mjaluo akisonga ugali lazima mitaa mitatu ipewe habari. Leo nawaongezea sababu ya kunicheka, maana nataka kumsifia mmoja wao. Anaitwa Sabina Machibya, dada mkubwa wa mume wangu Ndalahwa. Kama humjui, basi hujawahi kununua dagaa wa mwalo wetu, na pole yako.

Mwalo wetu unaufikia ukiacha lami pale Buhongwa na kushuka mpaka ziwani. Kikundi chetu cha kuanika dagaa kina wanawake kumi na mmoja. Boti zinarudi alfajiri, tunapokea ndoo zetu, tunamwaga kwenye chanja, tunageuza mchana kutwa, na jua likianza kushuka tunafungasha kwenye viroba. Wako wenzetu upande wa pili wanaoanika mchangani. Mimi sitawasema, meno ya wateja wao yatasema.

Sabina ndiye mwenyekiti. Ni mwanamke mrefu wa miaka arobaini na sita, mjane, mama wa binti mmoja aitwaye Kija anayefundisha shule Sengerema. Hapendi maneno mengi. Ukimpa sababu tatu za kuchelewa atakuuliza ipi kati ya hizo ni ya kweli. Miaka yote niliyofanya naye kazi sijamsikia akisema amechoka, na sisi wengine tunalisema hilo kabla ya chai.

Sasa lazima nieleze kazi moja ya pale kwetu ambayo sijaiona mwalo mwingine. Tunaiita zamu ya wingu. Ziwa hili lina mvua za kushtukiza, na dagaa aliyeanza kukauka akilowa anachacha, hapo anayemtaka ni mwenye kuku tu. Kwa hiyo kila siku mwanamke mmoja hagusi dagaa. Anapanda juu ya jiwe kubwa lililoko ufukweni, anakaa kutazama maji na mbingu. Akiona wingu limegeuka kuja kwetu anapiga yowe, nasi tunaacha kila kitu na kukimbilia maturubai. Sheria ni moja: aliye juu ya jiwe habishiwi, wala hasaidiwi kutazama. Ukiwa chini unainamisha kichwa ufanye kazi, macho yako ni yake. Na katika wote, hakuna aliyejua kusoma mawingu kama Sabina.

Ila Sabina ana kipandauso. Kinamshika tangu alipojifungua Kija. Kwanza anaona vimulimuli vyenye meno meno pembeni mwa jicho, halafu nusu ya kitu anachokitazama inapotea, halafu upande mmoja wa kichwa unaanza kugonga mpaka anatapika. Mwanga unamuumiza, harufu inamuumiza, hata mtu akiburuta ndala karibu naye anaumia. Alikuwa anajifunga kanga kichwani kwa nguvu, anatafuna vidonge vya maumivu vinne kwa mpigo, anakwenda kulala chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Ukimfuata anasema, "Nenda kageuze dagaa."

Mwezi wa nne mwaka juzi, siku ya zamu yake, vimulimuli vilianza saa nne asubuhi. Mimi nilimwona. Nilikuwa napita nyuma ya jiwe, nikamkuta anatapika, nikamshika, nikamwambia, "Wifi, shuka, nipande mimi." Akajifuta mdomo na kusema hana kitu. Akapanda tena, akakaa na kanga imeshuka hadi kwenye nyusi, na sisi chini tukainamisha vichwa kama sheria inavyosema. Saa saba mvua ilitua juu yetu bila yowe lolote. Alikuwa amekaa palepale juu ya jiwe, uso kwenye magoti.

Dagaa wa wanawake kumi na mmoja walikwenda kwa wenye kuku. Hakuna aliyemgombeza. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana Msukuma ukimgombeza anakujibu yakaisha, lakini ukimnyamazia anabaki nalo. Siku mbili hakuonekana. Ya tatu alikuja, akasimama mbele yetu, akasema kosa ni lake na zamu yake apewe mwingine. Sababu hakuitaja. Nikamwangalia yule mtu niliyemwogopa na kumheshimu tangu nilipoolewa, nikasema moyoni, huyu atakufa na kiburi chake na mimi nipo hapa nafungasha viroba.

Wiki iliyofuata nilimburuta hospitali mjini. Nasema nilimburuta kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, tangu Buhongwa mpaka Nyamagana alikuwa ananiambia kichwa si ugonjwa.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye miwani. Akamuuliza, "Mama, kwa mwezi kinakushika siku ngapi?"

"Mara chache tu."

"Daktari," nikasema, "sisi tunahesabu kwa giza na mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa boti haziendi. Kwenye giza peke yake nimemhesabia siku saba. Weka na za mbalamwezi, hazipungui kumi na mbili."

Sabina alinitazama kwa jicho ambalo kwao linatosha kumkalisha ng'ombe. Daktari akaandika. Akauliza na vidonge vya maumivu, na hapo pia nilisema ukweli. Binti yule akaweka kalamu chini, akatueleza taratibu kwamba dawa za maumivu zikizidi siku mbili kwa wiki nazo zinaanza kuleta maumivu ya kichwa. Akasema kuna njia nyingine. Kuna kidonge cha kuzuia, kidogo, kinamezwa kila siku, kichwa kikiuma au kisiume. Hakifanyi kazi mara moja, kinaweza kuchukua wiki sita hata nane, na pengine hakitaondoa yote, lakini siku kumi na mbili zinaweza kuwa tano au nne.

"Kila siku?" Sabina aliuliza.

"Kila siku, mama."

"Nimeze dawa nikiwa mzima?"

"Ndiyo maana yake kuzuia. Unaamka saa ngapi?"

"Saa tisa usiku, kusubiri boti."

"Basi usimeze wakati wa kulala, utaamka bado una usingizi. Meza mapema, saa kumi na mbili jioni. Wiki za mwanzo mdomo utakauka na utasinzia kidogo. Lakini uamuzi ni wako. Usipotaka kumeza kila siku, tutapanga namna ya kutibu kikikushika, ila vile vinne kwa mpigo viishe."

Sabina akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Nitasema sababu sasa hivi, sina haja ya kumzungusha mtu. Mimi naishi na VVU. Mwaka ule ulikuwa wa tisa nameza dawa kila siku, na Ndalahwa vilevile. Watoto wetu watatu ni wazima, sisi wenyewe ni wazima, tunabeba na kupika na kugombana kama kawaida. Lakini pale mwaloni hakuna aliyekuwa anajua, hata Sabina. Simu yangu ililia kila saa kumi na mbili jioni, nikawa nasema ni mama yangu ananipigia kutoka Shirati, nakwenda nyuma ya viroba kuongea naye. Marehemu mama yangu, Mungu amrehemu, alipiga sana simu mwaka huo na mingine minane.

Kila mtu wa mwaloni anajua maana ya dawa ya kila siku kwa saa maalumu. Hawaulizi jina la ugonjwa. Wanasema yuko kwenye dozi, wanasema amekanyaga waya, halafu wanaanza kukutazama unapoosha kikombe.

Sabina alichukua vidonge vyake akaviweka kwenye kikapu cha vijiko jikoni kwake, na wiki tatu vikakaa humo. Kila nikipita naona pakiti haijaguswa. Kwanza alisema usingizi utamchelewesha boti. Nikamwambia daktari amelisema hilo. Halafu akasema mtu mzima hamezi dawa, ni kama kula wakati umeshiba. Nikamwambia hata turubai tunalinunua mvua haijanyesha. Jioni moja tulikuwa tunachambua mchele jikoni kwake, ndipo akasema ya kweli.

"Saa kumi na mbili tunakuwa mwaloni tunafungasha. Mimi kujificha siwezi, Anyango. Sijawahi kujificha tangu nizaliwe. Na nikimeza mbele yao, kesho nina jina. Watasema ni ule ugonjwa." Akapuliza pumba kwenye ungo. "Bora kichwa kiume."

Nilimaliza kuchambua mchele wangu. Nikaaga, nikaondoka. Njiani sikulia, mimi si mtu wa kulia njiani, lakini nilikuwa na hasira ambayo sijui niliwapikia watu nini usiku ule. Huyu ni mwanamke niliyemshika alipokuwa anatapika. Siku kumi na mbili kila mwezi anagongwa kichwa mpaka haoni mlango, na anaona hiyo ni nafuu kuliko watu kumdhania kuwa mimi.

Siku nne sikumsemesha zaidi ya salamu. Ya tano ilikuwa mbalamwezi, hakuna boti, nikaenda kwake asubuhi na kopo langu la dawa kwenye mkoba. Nilimkuta anafagia uwanja. Nikalitoa kopo, nikaliweka juu ya kinu.

"Mwaka wa tisa huu," nikasema. "Kila siku saa kumi na mbili. Hakuna mama anayenipigia simu."

Aliacha kufagia. Akalisogelea lile kopo, akalitazama.

"Ndalahwa anajua?"

"Na yeye anameza."

Akakaa kwenye kigoda. Ndalahwa ni mdogo wake wa mwisho, alimlea mgongoni. Nikaogopa kidogo, nikafikiri sasa ataniuliza nani kamletea nani, kama ndugu wa mume wanavyouliza. Hakuniuliza hilo, na mpaka leo hajawahi.

"Siku ile ya mchele nilikutukana," akasema.

"Ndiyo, ulinitukana."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mimi nameza niishi, wifi. Wewe hutaki kumeza usije ukafanana na mimi."

Alijifunika uso kwa kanga. Sikujua kama ni aibu au kichwa, nikangoja. Alipojifunua macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ileile ya mwenyekiti.

"Umewahi kukosa?"

"Siku mbili, mwaka wa kwanza. Nilisafiri nikaisahau. Nilikosa raha mpaka niliporudi."

"Inachosha?"

"Kumeza hakuchoshi. Kujificha ndiko kunakochosha."

Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na pakiti yake mkononi. "Nisikilize vizuri. Nikimeza hiki nitameza kwa sababu kichwa changu kimelowesha dagaa wa watu. Simezi ili unisamehe. Msamaha nakuomba kando, na nakuomba sasa." Akapiga magoti. Wifi mkubwa, mbele ya mke wa mdogo wake, saa tatu asubuhi, uwanjani, na jirani anaanua nguo! Nilimwinua haraka nikamwambia ataniletea balaa. Tulicheka wote wawili, mimi nikilia.

Mbalamwezi ilipokwisha giza likaingia, boti zikaanza tena, na siku ya kwanza saa kumi na mbili Sabina alisimama katikati ya chanja, akachota maji kwenye ndoo yetu ya pamoja kwa kikombe chetu cha pamoja, akapasua pakiti, akameza. Hakugeuka upande. Akasuuza kikombe kama tunavyosuuza wote, akarudisha, akashika kiroba chake. Wanawake wakaangaliana. Nami saa ileile nilikuwa nyuma ya viroba, na simu yangu sikioni.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Alisinzia amesimama. Siku moja alichelewa boti, jambo ambalo halijawahi kutokea, na aliyekwenda kumwamsha alirudi anacheka kwamba mwenyekiti anakoroma. Mdomo ukamkauka akawa anatembea na chupa ya maji. Na kichwa kilimshika vilevile, mara tatu ndani ya siku kumi, nikaona anavitazama vile vidonge kama mtu aliyeuziwa sukari yenye mchanga. Nikamkumbusha wiki sita hadi nane. Akasema, "Najua kuhesabu." Akaendelea kumeza.

Mwezi wa pili wa dawa siku zilikuwa saba. Mwezi wa tatu zilikuwa nne. Zile nne zilikuja na maumivu yaleyale, sitadanganya, lakini mtu mwenye siku nne si sawa na mwenye kumi na mbili. Alianza kuimba akigeuza dagaa. Hatukujua kwamba anaimba vibaya kiasi kile.

Midomo nayo haikukaa. Palikuwa na mwenzetu Rose, mwanamke mwema, ukifiwa ni wa kwanza kuja na kuni, lakini habari haikai kwake hata nusu saa. Alinishika pembeni akasema, "Mficha maradhi kilio humuumbua. Wewe ni wifi yake, tuambie tumsaidie." Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Ni dawa za kichwa tu jamani, si hiyo mnayofikiria." Nilipoyasema hayo mdomo wangu ukawa mchungu. Nilikuwa namtetea Sabina kwa kujikanyaga mwenyewe.

Kikao cha kikundi kilikuwa Jumapili baada ya ibada, ndani ya stoo ya viroba. Mambo ya kawaida yalipokwisha Rose alisimama. Alizungumza kwa adabu.

"Mwenyekiti, sisi tunakupenda. Ila wale wa upande wa pili wanapita kwa wanunuzi wanasema dagaa wetu wameshikwa na mgonjwa. Anyango kaniambia ni kichwa. Sawa, mimi naamini. Una cheti cha hospitali. Tusomee mbele ya wote, tutoke hapa tukawafunge midomo. Yataisha leo."

Wengine wakaitikia. Nilimtazama Sabina, na nitasema ukweli wangu wote hapa: nilitaka asome. Nilimpenda kiasi hicho. Niliona jina lake linasafishwa na mimi nabaki na langu kimyakimya kama siku zote, na nilikuwa nimekubali.

Sabina aliingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akainyanyua wote waione.

"Karatasi ninayo. Ni hii. Haitasomwa."

Akamgeukia Rose.

"Nikiisoma leo, kesho mwingine naye ataambiwa aje na yake. Asiye na karatasi nzuri ya kusoma, atakwenda wapi? Atahama mwalo? Humu ndani tuko kumi na mmoja. Mnajuaje nani ana nini? Mimi sijui, na sitaki kujulishwa hivi." Akaikunja, akairudisha kifuani. "Mvua ya mwezi wa nne mnaikumbuka. Nilikuwa naumwa, nikanyamaza kwa kiburi, mkapata hasara. Hilo ndilo kosa, na hilo mniulize mpaka nife. Kumeza dawa si kosa. Tangu nianze kumeza nimechelewa boti siku ngapi? Rose, wewe hesabu zako ni nzuri, sema."

Rose akahesabu kwenye vidole. "Moja. Ile ya kukoroma."

Watu wakacheka kidogo, kwa woga.

"Anayeona dagaa wangu hawafai, anyanyue mkono achaguliwe mwenyekiti mwingine. Sitakasirika. Lakini saa kumi na mbili nitameza, hapohapo ninapomezea."

Hakuna mkono ulionyanyuka. Aliyenyanyuka ni mama Bernadeta, mkubwa wetu, aliyepita sitini, ambaye akiinuka lazima amshike mtu bega. Akamshika Rose.

"Mimi yangu ni ya plesha," akasema. "Mwaka wa sita. Naimezelaga chooni. Choo chenyewe mnakijua."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, halafu wote, hata Sabina, hata Rose aliyekuwa amefunikwa na aibu. Tulicheka mpaka viroba vikaanguka. Wanawake wa kikundi chetu wakicheka hawachezi. Lakini mimi nilitoka nje. Nilikwenda kusimama upande wa ziwa. Sijawahi kujivunia mtu vile. Karatasi ile ilikuwa na neno kipandauso, limeandikwa na kupigwa muhuri. Angelitamka tu, angetoka mle msafi. Na hakulitamka, maana kwenye kiroba cha tatu kutoka mlangoni nilikuwa nimekaa mimi.

Nyumbani nilimkuta Ndalahwa amefungua mashine ya boti, mikono imejaa oili. Nikamsimulia yote. Alisikiliza bila kuacha kufuta plagi.

"Dada alisema hivyo? Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote."

Akafuta ile plagi ambayo tayari ilikuwa safi. "Unataka kufanya nini?"

"Unajua ninachotaka. Lakini nikijitaja mimi, na wewe nimekutaja."

Akafikiri. Mume wangu hufikiri kwa muda mrefu, nilishazoea. Mwishoni akasema, "Aliyenibeba mgongoni kashasimama. Nitakaaje mimi?"

Kesho yake saa kumi na mbili simu yangu ikalia. Nikaizima. Wanawake walikuwa wanafungasha, na Sabina alikuwa kwenye ndoo ya maji na kidonge chake. Nikapita katikati ya chanja nikiwa nimelishika kopo juu, bila kulificha, na vidonge vinagongana ndani yake mpaka watu wakageuka. Nikasimama karibu naye, nikafungua kifuniko. Rose alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Alilitazama kopo, akaelewa, maana kopo lile kila mtu analijua. Akaona haya kwa ajili ya maneno yake yote ya nyuma. Akachukua kiroba changu kilichokuwa nusu, akaanza kunijazia.

"Nani huyo alikuwa anapiga?" Sabina akaniuliza, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Mama," nikasema. "Nimemwambia nina kazi."

Hakucheka. Alimimina maji kwenye kikombe, akanipa kwa mikono miwili kama unavyompa mgeni wa heshima. Hapo tu ndipo nilipokumbuka kitu ambacho nilikuwa nimeshakizoea mpaka nikaacha kukiona. Nyuma ya viroba hakuna maji. Miaka tisa nilikuwa nameza kavu, nakaza shingo, nakwaruzwa koo, kwa sababu kwenda kwenye ndoo kungewafanya watu waulize. Nikameza. Nikanywa kikombe kizima mpaka chini, maji ya baridi, taratibu, mbele ya wanawake kumi. Nikamrudishia Sabina kikombe, nikamwambia aniongeze.